Historia Iliyochongwa Sakafuni

Katika ofisi ya kila usharika kuna muhuri. Ukiugeuza na kuutazama usoni, utaona herufi zimekaa kinyumenyume, kama maandishi yanayosomwa kwenye kioo. Sehemu zilizoinuka ndizo zinazoshika wino. Zile zilizokatwa hazishiki kitu, na kwenye cheti cha ubatizo zinatokea nyeupe. Katibu anaugonga muhuri huo wiki nenda wiki rudi bila kufikiri kwamba ameshika mkononi ufundi ambao Wajerumani wameutumia kwa zaidi ya miaka 500 kuhubiri, kutukanana, kuomboleza na, katika miaka yetu hii, kuungama.

Nataka kuandika habari za Mjerumani mmoja anayeifanya kazi hiyo hadi leo, Thomas Kilpper. Yeye hakuridhika na kipande cha ubao kinachoenea mezani. Alichonga sakafu za majengo mazima, akazipaka wino, akazichapa juu ya vitambaa na karatasi. Si msanii wa kanisa, na baadhi ya kazi zake zingemkera mzee wa kanisa yeyote. Hata hivyo habari zake zimekaa moyoni mwangu kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, na sababu yake ni benchi moja ambalo nitalieleza baadaye.

Kwanza turudi nyuma kidogo, maana Kilpper hakuanza kutoka hewani. Mwaka 1498 Albrecht Dürer wa Nürnberg alitoa kitabu cha Ufunuo wa Yohana chenye picha kubwa zilizochongwa kwenye mbao, na watu wasiojua kusoma wakawaona wale wapanda farasi wanne kwa macho yao. Mwezi Septemba 1522 Agano Jipya la Martin Luther lilitoka Wittenberg, nalo lilikuwa na picha za mbao kutoka karakana ya Lucas Cranach. Katika moja ya picha hizo mnyama wa Ufunuo alivikwa taji la ngazi tatu, na kila aliyeliona alijua ni taji la Papa. Picha ilizua ghadhabu. Toleo la Desemba mwaka huohuo lilipotoka, ngazi za juu za taji zilikuwa zimekwisha kukatwa. Sisi Walutheri hupenda kusimulia kwamba matengenezo ya Kanisa yalienea kwa mashine ya kuchapa, na ni kweli, lakini tusijifanye kwamba kila kilichochapwa kilikuwa cha upole. Karne nne baadaye Käthe Kollwitz wa Berlin, ambaye mwanawe Peter aliuawa vitani Oktoba 1914 akiwa kijana mdogo, alichonga picha saba juu ya vita. Katika mojawapo akina mama wamesimama wameshikana, wamefanya boma kwa miili yao, na watoto wako katikati. Nani anayehitaji kufasiriwa picha kama hiyo?

Basi Kilpper alizaliwa katika nchi yenye urithi huo, mjini Stuttgart, mwaka 1956, yaani miaka kumi na mmoja baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha. Kizazi chake kilikulia katika nyumba ambamo baba hakusema alikuwa wapi mwaka 1942, na mtoto alijifunza kutouliza. Nchi ilikuwa inajengwa upya kwa kasi. Vifusi viliondolewa, barabara zikanyooshwa, na pamoja na vifusi viliondoka vitu vingi ambavyo vingeweza kutoa ushahidi. Nadhani hapo ndipo ulipo mzizi wa mazoea yake ya kutafuta majengo yanayongoja kubomolewa. Anauliza: hapa palifanyika nini? Nani aliingia kwa mlango huu kwa miguu yake, na nani aliletwa? Akishajua, anapiga magoti na patasi na mashine za kukatia, anachonga nyuso za watu hao kwenye sakafu ileile waliyoikanyaga.

Kazi yake kubwa ya kwanza ya namna hiyo aliifanya mwaka 1998 na 1999 huko Oberursel, mji mdogo karibu na Frankfurt. Wakati wa vita jeshi la anga la Ujerumani lilikuwa na kambi mahali hapo ya kuwahoji marubani wa Uingereza na Marekani walioangushwa na ndege zao. Mmoja wa wahoji, Hanns Scharff, alijulikana kwa kutotumia fimbo wala kelele. Aliwachukua wafungwa matembezini msituni, akazungumza nao kama rafiki, nao wakamwambia mengi kuliko walivyodhani wamesema. (Baada ya vita huyohuyo Scharff alihamia Marekani akawa fundi wa mozaiki, wa kupanga vipande vidogo vya rangi ukutani na sakafuni. Mungu ana njia zake za kuandika habari za watu.) Vita vilipokwisha Wamarekani waliichukua kambi, wakaipa jina la Camp King, wakawahoji humo wakuu wa utawala wa Hitler. Hazikupita siku nyingi, jenerali wa Ujerumani aliyeitwa Gehlen, aliyekuwa akipeleleza Warusi kwa niaba ya Hitler, alianza kuwapeleleza Warusi haohao kwa niaba ya Wamarekani, na shughuli hiyo ilianzia hapo. Adui wa jana akageuka mwajiriwa wa leo. Jeshi la Marekani liliondoka mwaka 1993, na eneo likapangiwa kuwa makazi ya watu.

Kambini palikuwa na uwanja wa ndani wa mpira wa kikapu, sakafu yake ya vibao vya mbao. Kilpper aliigeuza sakafu hiyo, yenye mita za mraba 300 hivi, kuwa ubao mmoja wa kuchapia. Fikiri ukubwa huo: ni eneo la kanisa la kutosha waumini mia kadhaa na kwaya mbili. Aliiita kazi hiyo kwa Kiingereza “don't look back”, yaani usitazame nyuma.

Mkristo akisikia maneno hayo anamkumbuka mke wa Lutu. Sodoma inateketea, malaika wamekataza kugeuka, mwanamke anageuka, anakuwa nguzo ya chumvi. Nimewasikia wahubiri wengi wakilitumia tukio hilo kufunga midomo ya watu: ndoa imevunjika, usitazame nyuma, fedha za jengo zimepotea, usitazame nyuma, tusonge mbele kwa jina la Bwana. Lakini msomaji mwangalifu ataona jambo katika Injili ya Luka, sura ya 17. Humo Yesu anawaagiza wanafunzi wake wamkumbuke mwanamke huyohuyo. Nao watamkumbukaje bila kugeuza shingo? Nadhani mke wa Lutu aliangamia kwa sababu moyo wake ulibaki kule, alitamani kurudi. Anayegeuka ili aone uovu uliotendeka na ashuhudie kwamba ulitendeka, huyo ana safari nyingine. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinawarudishia Waisraeli habari za utumwa wa Misri mpaka msikilizaji anachoka, na hakiwafichi habari za ndama wa dhahabu.

Kilpper alilitumia jina hilo kwa kejeli, bila shaka. Aliwaalika watu watazame nyuma hasa, tena chini, miguuni pao.

Kazi ya pili inatuhusu kwa karibu zaidi kuliko tunavyoweza kutegemea. Mwaka 2000 Kilpper aliingia katika jengo tupu la ghorofa lililoitwa Orbit House, katika barabara ya Blackfriars, kusini mwa mto Thames mjini London. Jengo lenyewe halikuwa na sura ya kumvutia mtu. Lilikuwa la ofisi, kama mengine mengi ya miaka ya 1960. Kwa miaka thelathini hivi lilikuwa limehifadhi vitabu na nyaraka za ofisi iliyotawala India kwa niaba ya Uingereza. Lakini chini ya jengo hilo, katika ardhi ileile, palikuwa na hadithi ya zamani zaidi.

Mwaka 1783 kulifunguliwa hapo kanisa lililoitwa Surrey Chapel. Halikuwa la mstatili kama makanisa tuliyozoea. Lilizunguka karibu kama duara, na watu walitania kwamba mchungaji wake hakutaka pembe ambazo Shetani angejificha. Mchungaji huyo alikuwa Rowland Hill, mhubiri mwenye sauti na mzaha, ambaye maelfu walikwenda kumsikiliza. Alianzisha shule za Jumapili kwa watoto wa maskini. Chanjo ya ndui ilipogunduliwa na wengi wakaiogopa, yeye aliihubiri na kuitoa kwa watu wake. Alikuwa pia miongoni mwa waliounda mwaka 1795 Chama cha Misioni cha London. Hapo ndipo barabara ya Blackfriars inapokutana na ziwa Tanganyika: chama hicho ndicho kilichomtuma David Livingstone Afrika, na mwaka 1878 wamisionari wake walifika Ujiji. Mmoja wao, Thomson, alifariki hapohapo Ujiji majuma machache baada ya kufika. Wenzake walifungua kituo Urambo, na mwaka 1898 kituo hicho kikakabidhiwa Wamoraviani. Mmoraviani wa Urambo anaposoma haya ajue kwamba sadaka za kuwapeleka wajumbe wale zilitolewa na watu waliozoea kukusanyika kila mwaka katika jengo lile la duara kusikiliza hotuba za misioni.

Rowland Hill alifariki mwaka 1833 akazikwa chini ya mimbari yake. Miaka ikapita, usharika ukajenga kanisa jipya mahali pengine na kuhama, na mifupa ya mchungaji ikahamishwa nao. Jengo la zamani likawa karakana na ghala la mashine. Mwaka 1910 bondia Dick Burge na mkewe Bella walilichukua wakalifanya ukumbi wa ndondi, likaitwa The Ring. Duara lililojengwa ili kila mtu aione mimbari lilifaa vilevile ili kila mtu aone ulingo. Maskini wa kusini mwa London walijaa tena, safari hii kwa tiketi. Dick Burge alipokufa, Bella aliuendesha ukumbi mwenyewe kwa miaka mingi, jambo ambalo wanawake wa wakati ule hawakutarajiwa kulifanya. Mabomu ya Wajerumani ya mwaka 1940 ndiyo yaliyoufikisha mwisho. Mahali pake ndipo lilipokuja kujengwa lile jengo la ofisi.

Sasa aje Mjerumani, wa kizazi kilichofuata waliodondosha mabomu hayo, apande hadi ghorofa ya kumi, akute sakafu ya mahogani yenye mita za mraba 400, aanze kuchonga. Katikati aliweka ulingo wa ndondi, na kuuzunguka aliwapanga watu waliohusiana na mahali pale katika karne zote hizo. Waliotengana kwa miaka 100 au 200 wakawa watazamaji wa pambano moja. Kisha aliichapa sakafu nzima juu ya kitambaa kikubwa mno, kikaning'inizwa nje ya jengo. Wapita njia waliokuwa wakikimbilia basi waliinua macho wakaona historia ya barabara yao imeanikwa kama nguo iliyofuliwa. Baada ya muda jengo likabomolewa, sakafu ikaenda nalo. Zilizobaki ni chapa.

Hapo nataka nikae kidogo, maana wengi wakisikia habari hii wanauliza swali la busara kabisa: kwa nini kujitaabisha hivyo kwa kitu kitakachobomolewa? Angeweza kupiga picha. Angeweza kuandika kitabu. Jibu langu ni kwamba kuchonga ni kazi ya kuondoa. Mchoraji huongeza rangi juu ya turubai. Mchonga chapa hupunguza. Kila mstari mweupe unaouona ni mahali ambapo kitu kilikatwa na hakitarudi, na akikosea hana kifutio. Tena lazima achonge kinyume, mkono wa kulia uwe wa kushoto, maana ukweli utatokea sawa pale tu ubao utakapolalia kitambaa. Anayefanya hivyo kwenye mita 400 za mbao ngumu, magotini, kwa miezi, hawezi kuzichukulia nyuso zile kama habari za gazeti. Magoti yake yanamjua kila mmoja. Mimi sijui namna ya kuungama iliyo tofauti sana na hiyo.

Kazi ya tatu ndiyo iliyoingia katika mambo ya Kanisa lenyewe, ingawa haikuchongwa kwa ajili ya Kanisa. Mwaka 2009, miaka ishirini baada ya ukuta wa Berlin kufunguliwa, Kilpper alichonga sakafu ya linoliamu katika makao makuu ya zamani ya Wizara ya Usalama wa Dola ya Ujerumani Mashariki, iliyojulikana kwa kifupi kama Stasi. Aliiita kazi hiyo “State of Control”, dola ya udhibiti. Hakuchonga Stasi peke yao. Alianzia kwa polisi wa Hitler na kuendelea hadi upelelezi wa nchi za Magharibi za leo, kwa sababu hakutaka mtazamaji kutoka Munich au London atoke mlangoni akimshukuru Mungu kwamba yeye si kama watu wale.

Wazanzibari wa umri fulani wanaikumbuka Ujerumani Mashariki kwa nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Michenzani. Raia wake wenyewe waliikumbuka kwa jambo jingine. Ilipofika mwaka 1989 Stasi ilikuwa na watumishi wapatao 91,000, na zaidi ya hao, watoa habari wa siri zaidi ya 170,000, katika nchi ya watu milioni 16 na ushee. Majalada yake yakipangwa kwa mstari yanapita kilomita 100. Makanisa yalikuwa karibu mahali pekee ambapo watu waliweza kukutana na kusema. Katika kanisa la Mtakatifu Nikolai mjini Leipzig, mji uleule uliotuma wamisionari Kilimanjaro mwaka 1893, kulikuwa na maombi ya amani kila Jumatatu tangu mwaka 1982. Tarehe 9 Oktoba 1989 wanachama wa chama tawala waliagizwa wakajaze viti mapema ili waombaji wakose nafasi. Wakalazimika kukaa na kulisikiliza Neno. Jioni ile watu wapatao 70,000 walitembea mjini kwa amani, na askari hawakufyatua risasi. Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi tunayoipenda, nasi tunayo haki ya kuipenda.

Sehemu nyingine ilikuja majalada yalipofunguliwa mwanzoni mwa 1992. Raia aliweza kwenda kusoma kilichoandikwa juu yake, na ndani yake akakutana na watu wake. Mwanamke mmoja aliyekuwa mpigania haki alikuta kwamba aliyekuwa akimtolea habari ni mume wake. Miongoni mwa watoa habari walikutwa pia wachungaji na watumishi wa makanisa. Tayari mwezi Machi 1990 ilikuwa imejulikana kwamba Wolfgang Schnur, mwanasheria ambaye makanisa yalimwamini awatetee vijana waliokataa jeshi, alikuwa akiwapelekea Stasi siri za watu haohao kwa miaka mingi. Kanisa lililowasha mishumaa na kanisa lililoandika ripoti lilikuwa kanisa moja, likiimba kutoka kitabu kimoja cha nyimbo.

Lazima niseme pia lisilonipendeza. Kazi ya Kilpper inawataka watu wakanyage nyuso. Mwaka 2011, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venezia, alijenga banda ambalo sakafu yake ilichongwa sura za wanasiasa na wakubwa wa dunia walio hai, na wageni wakatembea juu yao. Wengine walicheka. Mimi nisingeweza. Kwetu kuikanyaga picha ya mtu ni kumkanyaga mtu, na historia ya imani yetu ina jeraha hapo: katika karne ya 17 watawala wa Japani waliwalazimisha Wakristo kukanyaga sanamu ya Kristo ili kuthibitisha kwamba wameikana imani. Mwanadamu mbaya kuliko wote bado ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Nadhani Kilpper anafanya vema zaidi pale anapochonga watu wa mahali palepale, wabaya na wema wamechanganyika, mhoji karibu na mhojiwa, kuliko pale anapochagua maadui wa kusimamishiwa miguu. Ya kwanza ni historia. Ya pili ni taji la ngazi tatu la Cranach limerudi.

Hata hivyo kuna jambo Kanisa la nchi yake lilijaribu kulifanya kabla yake, na ukiyaweka mawili hayo pamoja utaona tofauti. Mwezi Oktoba 1945, mjini Stuttgart, viongozi wa Kanisa la Kiinjili la Ujerumani walitoa tamko la kukiri hatia mbele ya wajumbe wa makanisa ya nchi nyingine. Miongoni mwa waliotia sahihi alikuwa Martin Niemöller, aliyekuwa amekaa miaka saba na zaidi kifungoni chini ya Hitler. Walikiri kwamba hawakushuhudia kwa ujasiri wa kutosha, wala hawakuomba, kuamini na kupenda kama iliyowapasa. Washarika wengi walikasirika sana. Walisema wamesalitiwa, kwamba miji yao ni majivu, waungame nini tena? Kwa hiyo tamko lile lilihitaji moyo mgumu, na simdharau hata mmoja aliyelitia sahihi. Lakini lisome leo, utaona halimtaji Myahudi. Halitaji kambi hata moja. Hatia imekirimiwa nafasi, lakini haina uso wala anuani.

Ndivyo sisi sote tunavyoungama. Kila Jumapili tunasema kwa pamoja kwamba tumekosa kwa mawazo, maneno na matendo, na sauti zinapanda na kushuka vizuri, na hakuna anayeona haya kwa sababu hakuna aliyetajwa. Sisemi tuache. Nasema kwamba aliyechonga uso wa mtu fulani katika sakafu ya nyumba fulani ametoka kwenye wingi akaingia kwenye umoja, na hapo ndipo panapouma.

Wako Wajerumani wa Kanisa waliolielewa hilo kwa njia yao. Ukuta wa Berlin ulipojengwa mwaka 1961, kanisa moja liitwalo la Upatanisho lilijikuta katika ukanda wa mpaka, hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Januari 1985 serikali ya Mashariki ililipua kwa baruti. Ukuta ulipoanguka usharika ulirudishiwa kiwanja, na badala ya kujenga kanisa la zege walijenga kikanisa kidogo cha udongo wa kushindiliwa, wakachanganya ndani ya udongo huo vipande vya matofali ya kanisa lililolipuliwa. Kiliwekwa wakfu tarehe 9 Novemba 2000. Ukisogea karibu na ukuta unaviona vipande hivyo.

Sisi kwetu mlimani tulipobomoa kanisa la zamani hatukuchanganya kitu. Lilikuwa la mawe, lilijengwa na babu zetu, na bati zake zilivuja. Tulikuwa na haki ya kutaka jipya. Nilikuwa kijana katika kamati ndogo iliyoandika kijitabu cha jubilei, nasi tuliandika idadi ya mifuko ya saruji, majina ya wachungaji wote kwa mfuatano, na kiasi kilichopatikana katika kila harambee. Sura nzima ilieleza habari za kengele.

Nyuma kabisa ya kanisa lile, upande wa kushoto karibu na mlango, palikuwa na benchi lisilo na egemeo. Hapo walikaa waliotengwa na Meza ya Bwana, na katika miaka ninayoikumbuka maana yake ilikuwa wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa. Walikaa hapo Jumapili baada ya Jumapili, tumbo likikua mbele ya usharika wote, mpaka siku ya kusimama mbele na kupokelewa tena. Shangazi yangu alikaa hapo mwaka mzima. Kijana aliyempa mimba aliimba besi katika kwaya, hatua chache kutoka madhabahuni, na baba yangu alijua, na mwinjilisti alijua. Shangazi alipokelewa tena, mtoto akabatizwa, akaolewa na mtu mwingine. Lakini hakuwahi kusogea mbele. Hata katika kanisa jipya lenye vigae alikaa nyuma, kushoto, karibu na mlango, mpaka alipofariki.

Benchi lenyewe lilipasuliwa kuni siku ya ufunguzi, likapikia pilau ya wageni. Nililibeba mimi na mwenzangu. Hatukuliandika katika kijitabu. Sidhani kama hata tulibishana juu yake. Yaliyopita si ndwele, alisema mzee mmoja, na sisi tulikuwa na haraka ya kupeleka kazi kwa mpiga chapa.

Sasa usharika unaandaa kijitabu kingine, na mwenyekiti wa kamati ameniomba niandike sura ya mwanzo kwa kuwa nimebaki miongoni mwa wanaokumbuka. Nimemwambia kwamba nitaandika na habari za benchi. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama nitataja majina. Nimeanza kuwatembelea wazee waliobaki, nakaa nao jioni, naandika kwa penseli. Wawili kati ya wanawake wenyewe wako hai. Mmoja amekubali jina lake liandikwe, mwingine ameomba nisubiri azungumze kwanza na wanawe. Hadi leo nina majina tisa ya waliokaa pale. Nilipouliza majina ya wanaume, kila mmoja aliniambia kwamba hakumbuki vizuri.